Shule ya Kijijini Poland ni Mali ya Nani?

Chukua vijiji vitatu vya Poland ya leo: kimoja upande wa Poznań, magharibi, cha pili upande wa Lublin, mashariki, cha tatu upande wa Tarnów, kusini. Vyote vina shule ya msingi, vyote hufungua mwaka wa masomo mwanzoni mwa Septemba, na vyote hufuata muhtasari mmoja kutoka wizarani Warsaw. Lakini fuatilia habari za mtoto aliyezaliwa mwaka 1895 katika kila kijiji, na utakutana na nchi tatu tofauti. Wa Poznań alilazimishwa na sheria kwenda shule, akafundishwa kwa Kijerumani. Wa Lublin hakulazimishwa na mtu, na pengine hakukanyaga darasani maisha yake yote. Kama alisoma, alisomeshwa kwa Kirusi. Wa Tarnów alifundishwa kwa Kipolandi, mradi tu kijiji chake kiwe na shule, na vijiji vingi havikuwa nayo.

Hapo ndipo fundo la historia hii lilipo. Tukisema "shule ya kijijini Poland" tunaelekea kudhani ni taasisi moja iliyokua taratibu kama zilivyokua shule za nchi nyingine za Ulaya. Sivyo. Kuanzia 1795 hadi 1918 Poland haikuwepo kwenye ramani. Prussia (dola ya Wajerumani), Urusi na Austria zilikwisha kuigawana kwa awamu tatu, 1772, 1793 na 1795, na kila dola iliendesha shule za vijijini kwa matakwa yake. Baadaye zikaja dola nyingine: jamhuri, wavamizi wa pande mbili, utawala wa kikomunisti, kisha jamhuri tena. Swali lililoulizwa chini ya kila mmoja wao ni lile lile: shule hii ni ya anayeigharamia na kuitungia sheria, au ni ya kijiji kilichoijenga na kupeleka watoto wake humo? Bila swali hilo mbele, ugomvi unaozuka kila majira ya baridi kuhusu kufunga shule yenye watoto arobaini utaonekana kama ukaidi wa wanakijiji tu.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa matumaini. Mwaka 1773 Papa alivunja shirika la Wajesuti, waliokuwa wakiendesha sehemu kubwa ya shule nchini. Bunge la Poland, likiwa bado linauguza jeraha la mgawanyo wa kwanza, likaunda Tume ya Elimu ya Taifa tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo. Tume hiyo ilishika nafasi ambayo leo tungeiita ya wizara ya elimu, na ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake Ulaya. Hadi sasa walimu wa Poland husherehekea siku yao tarehe 14 Oktoba. Ila kwa vijijini Tume ilifika kidogo. Shule za huko zilikuwa za parokia, zikitegemea ari ya padri na hisani ya kabaila, na mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake hakuwa na la kusema juu ya mwanawe kusoma au kutosoma. Kabla Tume haijapata muda wa kubadili hali hiyo, nchi ikatoweka.

Kwa Prussia elimu ya lazima ilikuwa jambo la kawaida, na katika jimbo la Poznań iliwabana wakulima wa Kipolandi tangu miaka ya 1820. Mzazi asiyepeleka mtoto alitozwa faini. Matokeo yake, kufikia mwishoni mwa karne ya 19, karibu kila mtu kule alijua kusoma, hali ambayo ndugu zao wa upande wa Urusi hawakuiota. Mwanzoni madarasa ya chini yalitumia Kipolandi. Baada ya Ujerumani kuungana chini ya Bismarck mlango ulifungwa hatua kwa hatua: kuanzia 1873 Kijerumani kikawa lugha ya kufundishia masomo yote isipokuwa dini, na mwaka 1887 Kipolandi kikaondolewa hata kama somo. Kikabaki kipindi cha dini peke yake. Kwa familia ya kijijini hicho hakikuwa kitu kidogo, maana sala ndiyo iliyokuwa shule yao ya lugha. Mtoto alijifunza herufi za Kipolandi nyumbani, kwenye kitabu cha sala cha bibi yake.

Serikali ilipogusa na hicho, watu wakachoka. Katika mji mdogo wa Września, mwaka 1901, watoto wa madarasa ya juu walikataa kujibu maswali ya dini kwa Kijerumani. Tarehe 20 Mei walimu waliwabakisha shuleni wale wakaidi, na watoto 14 wakachapwa viboko. Vilio vilisikika nje. Wazazi na wapita njia wakakusanyika, wakaingia ndani, wakawafokea walimu. Kwa dola ya Ujerumani lile halikuwa lalamiko la wazazi bali fujo dhidi ya mamlaka. Kesi ilisikilizwa Gniezno mwezi Novemba, watu zaidi ya ishirini wakiwa kizimbani, na mama mmoja, Nepomucena Piasecka, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Habari zikaenea Ulaya nzima. Henryk Sienkiewicz na Maria Konopnicka, waandishi waliokuwa wakisomwa sana wakati huo, wakapaza sauti.

Września unakumbukwa, lakini mimi naona kilichotokea miaka mitano baadaye kina uzito zaidi kwa historia ya vijiji. Katika mwaka wa masomo wa 1906 na 1907 mgomo ulisambaa katika jimbo la Poznań na Prussia Magharibi, na safari hii makumi ya maelfu ya watoto walishiriki, wengi wao wa shule za vijijini. Waliendelea kuhudhuria masomo kama kawaida. Ikifika dini, wananyamaza, au wanajibu kwa Kipolandi. Adhabu zilikuwa zimepimwa kuwaumiza wakulima: mtoto alibakishwa shuleni saa za ziada wakati kazi zinamsubiri nyumbani, au alizuiwa kuhitimu akifika umri wa miaka 14, hivyo familia ikakosa mikono ya kazi. Wazazi walitozwa faini. Kufikia mwaka 1907 mgomo ulikuwa umezimwa, na Kijerumani hakikuondolewa. Lakini vijiji vilivyokuwa vikiiona shule kama mali ya mfalme vilikuwa vimejifunza kuidai.

Upande wa Urusi tatizo lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 1864, baada ya kuvunja uasi uliodumu zaidi ya mwaka mzima, mfalme wa Urusi aliwapa wakulima ardhi waliyokuwa wakiilima na kuruhusu jumuiya za vijiji kuanzisha shule zao. Hati ilisomeka vizuri. Ila gharama zilibebwa na wanakijiji wenyewe kwa michango, na kuanzia 1885 masomo yote, ukiacha dini na Kipolandi chenyewe, yalitakiwa kufundishwa kwa Kirusi. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipoulizwa kama unataka kuchangia shule, mkulima alikuwa anaulizwa kama yuko tayari kutoa fedha zake ili mwanawe afundishwe lugha ya gavana. Wengi walisema hapana. Waandishi wa mjini waliwashutumu kwa ujinga. Mimi naona walikuwa wamepiga hesabu sawasawa. Aleksandr Apukhtin, aliyesimamia elimu katika wilaya ya Warsaw tangu 1879 hadi 1897, aliusukuma mfumo huo kwa ukali ambao jina lake bado linautaja.

Pengo lile likajazwa na mafunzo ya siri. Mwalimu, mara nyingi msichana wa familia yenye ardhi kidogo au seremala aliyejua kusoma, alizunguka nyumba hadi nyumba majira ya baridi, wakati kazi za shamba zimelala. Watoto walikaa kuzunguka meza moja wakiwa na sufi na gurudumu la kusokotea pembeni, ili askari akitokea waonekane wanafanya kazi za mikono. Konrad Prószyński alitunga kitabu cha alfabeti chenye picha, cha bei ya chini, ambacho mtu mzima angeweza kukitumia kujifunza bila mwalimu. Kilifika mikononi mwa wakulima wengi sana. Waliokamatwa walilipa faini au kulala jela.

Galicia, sehemu ya Austria, inaelezeka kwa maneno machache. Kuanzia 1867 Wapolandi waliendesha elimu wenyewe, kwa lugha yao, na sheria ya 1873 ikafanya shule kuwa ya lazima. Kilichokosekana ni fedha na nia. Makabaila waliotawala bunge la jimbo hawakuwa na haraka ya kumwelimisha mtu aliyewalimia kwa ujira mdogo, na shule ya kijijini ikapewa muhtasari mwembamba kuliko wa mjini, kiasi kwamba mtoto wa mkulima akimaliza hakuwa na njia iliyonyooka ya kwenda sekondari. Hilo la mwisho liwekwe akilini, maana litarudi.

Poland huru ilipozaliwa Novemba 1918, ilirithi mifumo hiyo mitatu pamoja na majengo yake, walimu wake na mazoea yake. Ndani ya miezi mitatu, tarehe 7 Februari 1919, likatoka agizo la elimu ya lazima ya miaka saba kwa kila mtoto kuanzia umri wa miaka 7 hadi 14. Sensa ya 1921 ilionyesha ukubwa wa kazi: mtu mmoja kati ya watatu, kuanzia umri wa miaka kumi, hakujua kusoma. Magharibi wasiojua walikuwa wachache sana. Kwenye vinamasi vya Polesie, mashariki, walikuwa wengi kuliko wanaojua. Kufikia sensa ya 1931 kiwango cha nchi nzima kilikuwa kimeshuka hadi chini kidogo ya mmoja kati ya wanne.

Shule nyingi za vijijini zilikuwa na mwalimu mmoja. Inafaa kuingia ndani ya darasa lake. Chumba ni cha kupanga katika nyumba ya mkulima, au jengo la mbao ambalo upande mmoja ni darasa na upande wa pili ndimo anamolala mwalimu na familia yake. Kuna jiko la vigae kwenye kona na kuni zimeletwa na wazazi kwa zamu. Madarasa mawili au matatu yamekaa pamoja. Mwalimu anafundisha kundi moja kwa sauti, na wakati huo kundi jingine linafanya hesabu kimya. Baada ya nusu saa anageuka. Aprili ikifika mahudhurio yanapungua, maana ng'ombe wametolewa malishoni na wachungaji ni hao hao wanafunzi, na wakati wa kuvuna viazi ndiyo kabisa. Jioni mwalimu anaandika barua za wanakijiji, anaongoza kwaya, anapigia debe chama cha ushirika wa maziwa. Na anaandika kitabu cha kumbukumbu cha shule: nani alihamishiwa hapa, paa lilivuja lini, nani alichangia mbao. Vitabu hivyo vya mkono, pale vilipookoka vita, ndicho chanzo bora cha historia ya vijiji hivi.

Sasa lile la Galicia likarudi. Sheria ya elimu ya Machi 1932, iliyoandaliwa na waziri Janusz Jędrzejewicz, iligawa shule za msingi katika ngazi tatu. Ya kwanza, iliyo ya chini, ndiyo iliyoenea vijijini. Ilikuwa na madarasa manne tu, lakini mtoto alitakiwa akae miaka saba. Hesabu ilipatikanaje? Darasa la kwanza na la pili mwaka mmoja mmoja, la tatu miaka miwili, la nne miaka mitatu. Mtoto mwenye akili nyepesi alikaa kwenye dawati lile lile la darasa la nne miaka mitatu mfululizo, akiona wadogo zake wakimfikia, wakati binamu yake wa mjini anapanda darasa kila mwaka na kufanya mtihani wa kwenda sekondari. Kwenye karatasi wote wawili walipata miaka saba ya elimu. Walimu wa vijijini walilalamika wakati ule ule, na walikuwa na haki.

Kuna sura nyingine ya kipindi hicho ambayo haisemwi sana kwenye sherehe za shule. Mashariki mwa jamhuri mpya waliishi mamilioni ya Waukraine na Wabelarusi. Sheria ya 1924 iliziingiza shule nyingi za Kiukraine katika mfumo wa lugha mbili, na kwa vitendo Kipolandi ndicho kilichotawala. Wazazi wa Kiukraine waligoma na kuandika malalamiko, kwa sababu zile zile walizokuwa nazo wazazi wa Września. Anayetaka kuielewa shule ya kijijini Poland asiruke ukurasa huu.

Septemba 1939 Ujerumani iliingia kutoka magharibi na Umoja wa Kisovieti kutoka mashariki. Katika maeneo yaliyounganishwa moja kwa moja na Ujerumani, shule za Kipolandi zilifungwa na walimu wengi wakauawa au kupelekwa kambini. Katikati mwa nchi shule za msingi ziliachwa wazi, lakini historia na jiografia zikapigwa marufuku na vitabu vikakusanywa. Heinrich Himmler aliandika wazi mwezi Mei 1940 kwamba watu wa mashariki wasio Wajerumani wapate madarasa manne tu: wahesabu hadi 500, waandike majina yao, wajue kuwatii Wajerumani. Kusoma, alisema, haoni kama kunahitajika. Wapolandi wakarudia njia waliyoijua. Chama cha walimu kilikuwa kimeunda mtandao wa siri tangu Oktoba 1939, na somo la historia likafundishwa tena jikoni, safari hii hatari yake ikiwa kifo. Mabibi na shangazi waliowahi kufundishwa kwa siri chini ya Apukhtin walikuwa bado hai kuonyesha namna inavyofanywa.

Upande wa Kisovieti familia zilizolengwa kwanza zilikuwa za wanajeshi wa zamani waliopewa mashamba, pamoja na walinzi wa misitu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940 zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia na kaskazini mwa Urusi. Baada ya mapatano ya 1941 kati ya Wapolandi na Wasovieti baadhi waliruhusiwa kutoka, wakapitia Iran pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders, na maelfu ya wanawake na watoto wakafikishwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea takriban watu 5,000, ikawa kambi kubwa kuliko zote. Nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda na Kondoa, na huko Uganda Masindi na Koja. Karibu jambo la kwanza walilofanya baada ya kupata paa lilikuwa kufungua shule. Tengeru ilikuwa na shule za msingi, sekondari, hata shule ya kilimo, mwanzoni karibu bila vitabu, walimu wakifundisha kwa yale waliyoyashika kichwani. Kwa hiyo kuna watoto wa vijiji vya mashariki ya Poland waliojifunza jiografia ya mito ya kwao chini ya Mlima Meru. Wengi hawakurudi kamwe, maana vijiji vyao viliangukia ndani ya mpaka mpya wa Kisovieti. Makaburi ya wenzao yapo Tengeru hadi leo, na yanatunzwa.

Baada ya vita serikali ya kikomunisti ilifanya jambo ambalo jamhuri iliyotangulia haikuweza: ilipeleka shule ya madarasa saba kamili vijijini na kufuta ngazi zile tatu. Sheria ya Aprili 1949 ikawalazimisha watu wazima wasiojua kusoma waingie kwenye kozi. Haya ni mafanikio, na wanakijiji wazee huyataja hivyo. Bei yake ilikuwa kwamba mwalimu sasa alisimamiwa na chama tawala, historia ikaandikwa upya, na mwaka 1961 somo la dini likaondolewa shuleni, likahamia kwenye vyumba vya parokia hadi 1990. Kwa mara nyingine kijiji kilipewa shule nzuri isiyokuwa yake.

Mwaka 1958 Władysław Gomułka, kiongozi wa chama, alitangaza kampeni ya kujenga shule elfu moja kuadhimisha miaka elfu ya taifa, iliyoangukia 1966. Ya kwanza ilifunguliwa Julai 1959 huko Czeladź, na mwishowe zilijengwa zaidi ya 1,400. Fedha zilitokana kwa kiasi kikubwa na michango ya wananchi, ambayo jina lake lilikuwa la hiari, ingawa kwenye mshahara ilikatwa bila kuuliza. Vijijini watu walichangia pia kwa mikono: kuchimba msingi, kusomba matofali kwa mikokoteni ya farasi. Ukiona leo shule ya ghorofa moja au mbili, yenye madirisha mapana na paa bapa, katikati ya mashamba, uwezekano ni mkubwa kwamba ni ya kizazi hicho. Na wazee waliosomba yale matofali wakiambiwa kwamba jengo ni mali ya serikali ya mtaa na linafungwa kwa azimio la baraza, wanasikia kitu tofauti na anachosikia mhasibu.

Kuanzia hapo historia inakuwa hesabu ya madarasa, na hesabu hiyo ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana. Sheria ya 1961 ilileta miaka minane. Miaka ya 1970 ikaja shule kubwa moja ya gmina, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Shule ndogo za jirani zikafungwa au zikaachiwa madarasa matatu ya mwanzo, na watoto wakaanza kupanda basi. Baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989 shule za msingi zilikabidhiwa kwa gmina, kwa lazima kufikia 1996. Kisha mageuzi ya 1999 yakapunguza shule ya msingi kuwa miaka sita na kuanzisha shule ya kati ya miaka mitatu. Kwa mjini ilikuwa kubadilisha kibao mlangoni. Kwa kijijini, shule yenye wanafunzi themanini ilipoteza madarasa mawili kwa mpigo, ikabaki na sitini hivi, na gharama ya kupasha joto jengo haikupungua hata senti. Kwa kuwa ruzuku ya serikali kuu humfuata mwanafunzi, ingawa wa kijijini huongezewa kidogo, gmina ilijikuta ikilipia tofauti. Shule nyingi zilifungwa katika miaka iliyofuata. Mwaka 2017 shule za kati zikaanza kuondolewa na miaka minane ikarejea, lakini shule zilizokwisha kufungwa hazikufufuka.

Idadi ya watoto ndiyo inayosukuma haya yote sasa. Mwaka 1983 Poland ilizaa watoto zaidi ya laki saba; mwaka 2023 walizaliwa takriban 272,000, idadi iliyokuwa ndogo kuliko ya mwaka wowote uliotangulia tangu vita. Hakuna sheria itakayojaza madarasa kwa watoto wasiokuwepo, na ninayemtetea mwanakijiji sitaki kumwahidi uongo.

Lakini utaratibu unampa nafasi, na inafaa aujue. Baraza la gmina haliwezi kufunga shule ghafla: wazazi lazima waarifiwe angalau miezi sita kabla, na kwa kuwa shule hufungwa tarehe 31 Agosti, taarifa inatakiwa kufika kabla Februari haijaisha. Ndiyo maana mikutano mikali hufanyika kwenye baridi. Msimamizi wa elimu wa mkoa lazima akubali, na tangu 2016 akikataa shule haifungwi. Mtoto wa madarasa ya kwanza hadi la nne anayeishi zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni, au zaidi ya nne kwa madarasa ya juu, ana haki ya kusafirishwa kwa gharama ya gmina, kwa hiyo "akiba" ya kufunga lazima itolewe gharama ya basi kabla ya kutangazwa.

Kuna pia njia ya tatu. Tangu 2009 shule yenye wanafunzi wasiozidi 70 inaweza kukabidhiwa, bila kufungwa kwanza, kwa chama cha wananchi, mara nyingi wazazi na walimu wenyewe. Ruzuku inaendelea kuja, masomo yanabaki ya bure, na jengo linabaki kijijini. Anayeumia ni mwalimu: hapo Mkataba wa Walimu wa 1982 haumlindi kikamilifu, kwa hiyo hufundisha vipindi vingi zaidi, mara nyingi kwa mshahara mdogo, na chama cha walimu kimekuwa kikipinga kwa sababu hiyo. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, baada ya historia yote hii ndefu, hapo sheria inamwambia mwanakijiji wa Poland kwamba, akitaka na akiweza kubeba mzigo wake, shule anaweza kuiendesha yeye.